Nimepewa umeneja wa gereji, mafundi wenzangu wa jana hawanisikii

Spana14 (Arusha)

Wakuu habari za jioni. Naomba mawazo, hasa kwa mliowahi kusimamia watu mliokuwa mnalingana nao.

Niko Njiro. Nimekuwa fundi wa magari ya watalii miaka 11 kwenye kampuni moja (jina tuliache). Tuna Land Cruiser 22, mafundi tisa na vijana wawili wanaojifunza. Mwezi wa tatu meneja wetu aliondoka, bosi akaniita ofisini akasema kuanzia Jumatatu gereji ni yako. Mke wangu akapika pilau. Jumatatu nikafika na shati la mikono mirefu, wakanipokea kwa "Shikamoo bosi", akiwemo mtu anayenizidi miaka sita. Hapo nikajua kazi ipo.

Kati yao yupo mzee mmoja, nimwite Mzee wa Difu, maana difu ikilia anaitambua kwa sikio akiwa anakunywa chai. Ndiye aliyenifundisha kazi. Nilipokuja nilikuwa sijui hata jeki inakaa wapi. Leo eti mimi ndiye wa kumpangia.

Bosi akanipeleka semina ya siku tatu. Mtoa mada alitupitisha kwa kasi ya daladala ya saa kumi na mbili. Kuna Carlyle, Mskoti wa miaka ya 1840, kwake historia ni kazi ya watu wakubwa, yaani uongozi mtu anazaliwa nao. Kuna McGregor, 1960: meneja wa X anaamini watu ni wavivu mpaka wasukumwe, meneja wa Y anaamini mtu akipewa nafasi anajituma. Kuna kiongozi mkali, mshirikishi, na yule anayeacha kila mtu afanye atakavyo. Kuna Greenleaf wa 1970 na kiongozi mtumishi. Kuna Burns wa 1978, na kiongozi wa nipe nikupe, na mwingine anayewainua watu wakaona mbali. Nikarudi na faili nene na kalamu.

Nikaanza na ushirikishi. Kila asubuhi kikao cha dakika kumi, chai na mandazi kwa pesa yangu. Nauliza: jamani, ratiba ya wiki tuipangeje? Kimya. Mtu anatafuna andazi anaangalia ukuta. Mzee wa Difu akasema, "Wewe ndiye unalipwa kwa kupanga, panga." Wakacheka.

Nikageuka mbogo. Anayechelewa namrudisha kwake. Spana ya kupimia ukazaji wa nati za silinda hedi ilipopotea nikatangaza kila mtu atakatwa elfu thelathini. Na kwa kuwa vipuri vilikuwa vinapungua bila maelezo, ufunguo wa stoo nikaufunga kwenye mkanda wangu. Hakitoki kitu bila sahihi yangu.

Ilikwenda vizuri siku nne. Siku ya tano, Alhamisi, nikatoka kwenda Unga Limited kutafuta bushi za springi. Nimerudi saa tisa, magari mawili yako juu ya stendi vilevile nilivyoyaacha, matairi chini, na vijana wako kivulini wanacheza drafti. Moja lilitakiwa kutoka kesho yake saa kumi na mbili asubuhi kwenda Tarangire na wageni sita. Tulipiga kazi kwa tochi mpaka saa sita usiku, na mimi nikiwa chini ya gari na lile shati.

Swali langu: katika hizo nadharia, ipi inafanya kazi kwa mafundi wa hapa kwetu? Mwezi wa sita msimu unaanza, magari yote yatakuwa porini, sitaki kuumbuka. Nawasilisha.

Chapati_Mbili

Mkuu, mandazi yalikuwa ya moto? Andazi la jana haliwezi kuleta demokrasia.

Natania. Nafuatilia uzi.

Kamanda_Sakina (Arusha)

Ushirikishi ni wa vitabuni. Nina duka la vifaa vya ujenzi, wafanyakazi watano, nimewabadilisha wote mara nne ndani ya miaka miwili. Mtu ukimchekea anakupanda kichwani. Weka kamera, kata mshahara, fukuza mmoja, waliobaki watanyooka. X ndiyo mwalimu.

Chapati_Mbili

Watano, mara nne. Hiyo kamera igeuze ikuangalie wewe.

Dada_Utumishi (Usa River)

Kaka Spana, kabla ya nadharia: hiyo elfu thelathini umeshaikata? Kama bado, iache. Nimefanya kazi za utumishi miaka tisa, hotelini na mashamba ya maua, najua inakoishia. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 hairuhusu kumkata mtu kwa kitu kilichopotea mpaka iwe ni kosa lake, umwandikie kimepoteaje na ni kiasi gani, na umpe nafasi ya kujitetea. Hata hapo, makato ya namna hiyo hayapiti robo ya mshahara wake. Kuwakata tisa kwa kosa la mmoja asiyejulikana ni kujikatia tiketi ya kwenda CMA, ile tume ya usuluhishi wa migogoro ya kazi. Na ule usiku wa tochi uandike kwenye daftari. Wiki ya kawaida ni saa 45, zinazozidi ni ovataimu kwa kiwango cha mara moja na nusu. Usiku wa namna ile mafundi hawausahau, hata kama wewe umeusahau.

Halafu mandazi. Herzberg na wenzake walihoji wahandisi na wahasibu kama 200 wa eneo la Pittsburgh, Marekani, kitabu kikatoka 1959. Waliwauliza: lini ulijisikia vizuri mno kazini, na lini vibaya mno? Majibu yalikuwa na njia mbili tofauti. Yaliyowaudhi ni mambo kama sera za kampuni, usimamizi, mshahara, mazingira. Yaliyowapa raha ni kufanikisha jambo, kutambuliwa, kazi yenyewe, kukabidhiwa dhamana. Wapo waliombishia sana kuhusu jinsi alivyouliza, lakini mimi niliyaona kwa macho shambani: tulipojenga vyoo vipya manung'uniko yaliisha ndani ya wiki, na idadi ya mashina ya maua yaliyokatwa kwa siku ikabaki ileile. Chai inaondoa kisirani, nati haikazi.

Kamanda, nawe McGregor umemsoma upande mmoja. X hakuitoa kama ushauri, alikuwa anaeleza imani iliyomo kichwani mwa meneja. Ukiamini wote ni wezi na wavivu unafunga kila kitu. Aliyefungiwa kila kitu anafanya kile tu alichosukumiwa, halafu wewe unasema, si nilisema?

Kibosho_Juu (Moshi)

Mdogo wangu Spana, salamu kutoka Moshi. Gereji siijui, mimi boneti naiinua ili niongeze maji tu. Nilianza kubeba mizigo mlimani 1996, sasa ni kiongozi mkuu wa msafara. Nadharia nimezisoma kwenye madaftari ya binti yangu anayesoma utawala. Masika wageni ni wa kuhesabu, mvua inanyesha, najilaza kwenye kochi nasoma mpaka mke wangu ananiuliza kama nataka kugombea udiwani.

Unauliza ipi inafanya kazi. Njoo getini siku ya kwanza ya safari. Mizigo inapimwa, mpagazi habebi zaidi ya kilo 20. Kijana mpya simwombi maoni. Namwambia: mzigo huu, ufunge hivi, tembea nyuma ya fulani, kunywa maji kabla kiu haijakushika. Mpishi wangu tumepanda naye miaka 14. Nikimwelekeza kuwasha jiko atadhani nimepata kichaa, kwa hiyo namuuliza tu tumebakiza nini. Sasa mpishi huyohuyo mwaka juzi aliomba na yeye afike kileleni, maana miaka yote anaishia kambini Barafu na masufuria yake. Usiku ule alikuwa mtoto. Glavu nilimvalisha mimi. Kila hatua nilimwambia aweke wapi mguu, na hakununa, kwa sababu huko juu alikuwa hajui kitu na alijua kwamba hajui.

Hersey na Blanchard waliliandika jambo hilo 1969. Kuna kuelekeza, kuna kushawishi, kuna kushirikisha, kuna kukabidhi, na unachagua kwa kuangalia mtu ameiva kiasi gani kwa kazi iliyo mbele yake. Binti yangu maneno "kwa kazi iliyo mbele yake" kayapigia mistari miwili ya kalamu nyekundu, na kaona mbali. Mzee wako ameiva kwenye difu, hilo halina ubishi. Kwenye kupanga ratiba ya magari 22 ni mchanga kama wale vijana wanaojifunza, hajawahi kuigusa. Wewe ukawaweka wote 11 kwenye benchi moja, ukawauliza swali ambalo hakuna aliyewahi kuulizwa. Wangekujibu nini?

Na zipo saa za kutouliza kabisa. Saa sita usiku pale Barafu, mgeni anatapika na kuyumba kama mlevi, hatupigi kura. Anashuka. Awe amelipa dola ngapi, awe amemwahidi nani picha ya Uhuru.

Sasa Alhamisi yako. 1939 huko Iowa, Lewin na wenzake wawili, Lippitt na White, waliunda vikundi vya watoto wa kiume wa miaka kumi hivi, wakitengeneza vinyago vya kuvaa usoni na kazi nyingine za mikono. Kila kikundi kina mtu mzima wa kukiongoza: mkali anayeamua kila kitu, mwingine anayepanga pamoja nao, mwingine anayewaachia. Kilichonikamata mimi ni kwamba kuna wakati yule mtu mzima alikuwa anatolewa chumbani makusudi. Kwa mkali, kazi ilisonga sana akiwepo, akitoka inaporomoka. Kwa anayepanga nao, iliendelea karibu vilevile. Kwa aliyewaachia ilikuwa hafifu tangu mwanzo. Kwa hiyo zile siku nne zako nzuri usizihesabu, ulikuwepo. Hesabu Alhamisi.

Lakini kinachonikosesha usingizi ni huo ufunguo kwenye mkanda.

2009 nilipewa msafara wa wageni 11 kupitia Machame. Nilikuwa kiongozi wa "nisubirini". Dawa nashika mimi, redio nashika mimi, nani atangulie na nani abaki nasema mimi. Tulipofika Barranco tumbo likanikamata, nikalala kama gogo. Saa nne usiku mgeni mmoja akaanza kutapika, kichwa kinampasuka, akitembea anajikwaa kwenye kamba za mahema. Wasaidizi wangu wawili waliijua dalili ile kama wanavyojua majina yao. Wakaja wakakaa nje ya hema langu wakisubiri niamke. Saa tatu nzima, kwenye baridi ile. Mgeni tulimshusha, akapona. Kesho yake nikawafokea: mbona hamkumshusha? Mmoja akanijibu taratibu, "Bosi, redio ulikuwa umeilalia."

Sikuwa na neno. Niliwafundisha mwenyewe kunisubiri, na walikuwa wanafunzi wazuri.

Kwa hiyo hao vijana wa drafti, una uhakika walikuwa wanakugomea? Magari yako juu ya stendi, matairi chini. Wanahitaji nini ili waendelee? Kipuri. Kipuri kiko wapi? Stoo. Na ufunguo wa stoo uko wapi? Unga Limited.

Chapati_Mbili

😂😂 Unga Limited! Uzi ufungwe.

Mstaafu_Themi (Arusha)

Msiufunge bado, na mimi nina langu.

Niliingia kiwandani hapa Arusha 1972 nikiwa na miaka 20. Mwaka mmoja nyuma TANU ilikuwa imetoa Mwongozo, na ibara ya 15 tuliijua kuliko sala: ni mwiko kwa kiongozi kuwa na majivuno, dharau na uonevu. Mameneja tulikuwa tunawasomea usoni. Viwanda kadhaa nchini wafanyakazi waliwafungia mameneja nje, na sisi wetu tulimfungia geti asubuhi moja kwa sababu alimwita mama wa usafi kwa mluzi, kama anamwita mbwa. Akaomba radhi, tukafungua. Sisemi yote yalikuwa mazuri. Wapo waliogeuza ibara hiyo kuwa kichaka, haambiwi mtu neno hata akilala kwenye mashine. Serikali nayo ikachoka, migomo mingine ikavunjwa na watu wakapoteza kazi. Ila yule meneja wa mluzi hakuwa mbaya wa kupanga kazi, alikuwa hodari kuliko waliomfuata. Kilichomshinda ni mdomo.

Kijana, nilichokuwa nakitafuta kwenye maelezo yako sijakiona. Ulipewa cheo, ukapika pilau, ukaenda semina. Kwa huyo mzee aliyekufundisha jeki ulikwenda lini? Namaanisha nyumbani kwake, jioni, peke yako, bila faili. Huendi kuomba ruhusa, cheo ni chako. Unakwenda kumwambia, mzee nimepewa mzigo huu na wewe ndiye uliyenilea, naomba unishike mkono. Asikie kutoka kwako kabla hajasikia kwenye kikao mbele ya watoto.

Kamanda_Sakina

Meneja aende nyumbani kwa mfanyakazi? Kesho yake atakukopa.

Mstaafu_Themi

Akikukopa mkopeshe.

Spana14

Wakuu nimerudi. Wiki tano zimepita, samahani kwa kimya, magari yameanza kutoka kwa wingi.

Makato nimeyafuta na nikawaambia mbele ya wote kwamba nilikosea. Ile spana ilikutwa chini ya kiti cha dereva. Ilikwenda Serengeti ikarudi.

Mzee nilimfuata kwake Ngaramtoni, nimebeba sukari kilo mbili. Akaniacha nimekaa kwenye kigoda nusu saa anakamua ng'ombe. Nikasema yangu yote. Akanyamaza, halafu akaniambia, "Ulikuja na shati." Basi, hakuongeza. Nilirudi nyumbani sijui kama nimesamehewa au nimefukuzwa. Shati nimeliacha, navaa ovaroli.

Ufunguo nilitaka kumpa yeye, akakataa, akasema yeye si mlinzi. Sasa umetundikwa kwenye msumari pembeni ya mlango na daftari chini yake, anayechukua kipuri anaandika. Wiki ya kwanza tu seti ya brekipedi ikapotea. Mkono uliniwasha niurudishe ufunguo kwenye mkanda, sisemi uongo. Nikafanya kama Dada alivyoelekeza, nikamwandikia aliyekuwa zamu, akajieleza. Kumbe zilifungwa gari namba 4 na daftarini iliandikwa 14.

Kila gari sasa lina mtu wake, jina lake linaandikwa kwa chaki kwenye kioo cha mbele, na uamuzi wa gari hilo ni wake mpaka lirudishwe chini. Vijana wawili wa kujifunza bado nawaelekeza nati kwa nati. Ratiba ya wiki napanga mimi, ila Ijumaa nakaa na mafundi watatu wazoefu wanaikosoa. Wanakosoa kweli, wakati mwingine natamani kile kimya cha zamani. Fundi mmoja aliacha kazi mwezi uliopita, akaenda gereji nyingine Kijenge. Hakusema sababu, na mpaka leo nalifikiria.

Jana nilikwenda KIA kupokea vipuri. Nilikuwa nimejiapiza sipigi simu gereji. Tengeru nikaitoa simu mfukoni, nikairudisha. Nikarudi saa kumi na mbili jioni, watu wamekwenda, yupo mlinzi tu. Gari namba 17, la wageni wa Ngorongoro wa leo asubuhi, bado liko juu ya stendi. Tairi moja chini. Damu ikanipanda, nikaanza kuzunguka natafuta wa kumpigia. Ndipo nikaona kioo cha mbele, mwandiko wa Mzee, chaki: HALITOKI. BERINGI NYUMA KULIA. WAGENI WAPANDE 9.

Namba 9 lilikuwa limeoshwa, limejazwa mafuta, limegeuzwa kuelekea geti.

Chapati_Mbili

Na mandazi?

Spana14

Tumeacha. Kumbe Mzee ana kisukari. Ile sukari yangu alimpa jirani.